Magokoro Amekataa Kuoshwa Miguu

Daraja Mbili, Kisii
Jumanne, 2 Aprili 2024

Kwa Magokoro Nyangate, nyanya yangu na mke wangu wa kwanza kabla sijaoa,

Uko mzima? Sisi hapa wazima. Mke mwenzako Sharon anakusalimia, anasema siku ukichoka kuwa bibi yangu umwambie mapema, asiachiwe mzigo wote peke yake. Mtoto ameota meno, na kitu cha kwanza alichoyajaribia ni pua yangu.

Naandika barua kwa sababu wewe na simu mmeachana. Juzi nilikupigia nikasema ni Ochoki, ukanijibu majani chai mmeshauza. Nikakuambia tumbo linanisumbua, ukarudia kwa sauti mpaka Magwagwa nzima ikajua naharisha. Heri Omwenga abebe karatasi akija na pickup ya ndizi. Na tuandike Kiswahili chetu cha Kericho, kile cha kule mashambani ulikonilea. Wewe ulisoma gumbaru ukiwa mtu mzima, mimi niliacha darasa la tano. Tukijumlisha tunafika mbali.

Sasa maneno. Omwenga amenishtua mpaka nimekalia kiatu cha mteja. Anasema Jumamosi kanisani, kabla ya Meza ya Bwana, akina mama walipotoka kwenda kuoshana miguu, wewe ulikaa kwenye benchi na viatu vyako. Ati Phanice alipiga magoti na karai mbele yako, ukakunja miguu chini ya benchi, maji yakapoa, akamwaga nje. Phanice wako? Nyinyi mmeoshana miguu tangu mimi sijazaliwa. Watu wanasema mmegombana, kwa sababu kila mtu anajua mwenye kinyongo ndiye hukataa maji.

Alikukosea nini? Niambie mimi. Kama ni mambo ya kuku wake na mboga zako, nitamnunulia kuku kamba.

Halafu hukuniambia viatu vilikutosha vipi. Vile vya mikanda miwili inayopishana juu, nilivyokutumia Januari pamoja na vingine kama hivyo vya Baba mdogo Joash, mwanao. Hivyo sikuuza kama vya wengine, Magokoro. Mikanda ilikuwa migumu, nikaibandikia bitana laini kwa ndani na gundi nzuri ile ya kopo, isikukate. Vidole vyangu vimebanduka kama viazi vya kuchemsha. Sharon anasema ni utajiri unatafuta mahali pa kutokea.

Mume wako,
Ochoki


Magwagwa
15 Aprili 2024

Kwa bwana yangu mdogo Ochoki,

Salamu nimepokea, na barua imenuka ndizi. Mwambie mke mwenzangu avumilie, mimi nilivumilia kukuosha ukiwa mchafu zaidi. Hapa tuko. Mvua ni nyingi, majani yanaota kuliko mikono. Ng'ombe amezaa dume. Baba yako mdogo Joash ni mzee wa kanisa sasa, hata chai anakunywa kama anahubiri.

Phanice hajanikosea. Miguu ni yangu, na siku hiyo haikutaka maji. Omwenga achunge ndizi zake.

Viatu ni vizuri sana. Navaa kanisani, navaa sokoni, navaa kwa baying, kituo cha kuuzia chai, nikipeleka majani. Kila mtu ameviona. Nikiulizwa nasema ni vya Ochoki, ana kibanda chake Kisii. Vya Joash, yeye alisema mbele ya wageni kwamba mzee wa kanisa havai kitu cha mchuuzi, na kwamba mkono wako haujawahi kuleta hapa kitu kikadumu. Akasema amevitupa kule juu ya ghala. Usikasirike, unamjua.

Kuna kitu nilitaka kuuliza. Kuna mama mmoja hapa jirani anawashwa na miguu. Imetoka vipele, inatoa maji kidogo. Kwa soko lenu hakuna dawa? Ni wa umri wangu. Humjui.

Nyangate


Kisii
28 Aprili 2024

Magokoro mpendwa, mwenye dume jipya,

Sharon anashukuru kwa ndizi, mtoto anashukuru kwa kuzipaka ukutani. Mimi nimenona kidogo lakini ni shati limepungua.

Ya Baba mdogo nimesoma, nikaweka kando. Alisema hivyohivyo nilipoacha shule, na nilipouza njugu, na nilipouza kuku wakafa. Angalau kwa kuku hakukosea. Lakini kutupa viatu juu ya ghala, hiyo imenikaa hapa kifuani, nisikudanganye. Nilichagua saizi yake kwa kukumbuka nyayo zake kwenye matope.

Sasa huyo mama jirani nisiyemjua. Nimemtumia tyubu, ni dawa ya mashilingi, yale madoa ya duara ya ngozi, wanasema inatibu fangasi. Lakini Farah, yule jamaa anayeuza soksi kibanda cha pili, ameniuliza maswali kama polisi. Ni mguu mmoja au yote miwili? Ni katikati ya vidole, ngozi imekuwa nyeupe na laini na kunuka, au ni juu ya mguu? Anasema vipele vya miguu havina baba mmoja, na ukipaka tu bila kuuliza unaweza kumpiga mtoto asiye na makosa. Muulize huyo mama. Na mwambie asipake mafuta ya taa. Najua mama wa umri huo. Kwao mafuta ya taa ni taa, ni dawa ya funza, karibu wayatie kwa mboga.

Na wewe umepatana na Phanice? Nashindwa kulala nikifikiria ile karai. Si utani.

Ochoki


Magwagwa
10 Mei 2024

Kwa Ochoki,

Salamu kwa nyumba yako yote. Dume linanyonya vizuri. Mvua ilibeba daraja la kuendea kwa mashine ya kusaga, Joash alivuka na suruali imekunjwa kidogo tu, nikamshangaa, imelowa mpaka magotini na hataki kukunja zaidi.

Huyo mama alishapaka mafuta ya taa kabla barua yako haijafika. Imechubuka, akalia kama mtoto. Sasa anapaka ile ya tyubu, lakini haisaidii. Na hiyo tyubu inapungua upesi kuliko anavyopaka. Panya wa siku hizi wamekosa akili, wanakula dawa.

Umeuliza. Ni miguu yote miwili. Katikati ya vidole hakuna kitu, ni safi. Ni juu tu, pamekuwa pekundu na pagumu, na mwisho wake umekatika wazi, kama mtu amechora na kalamu.

Ya Phanice ni haya. Sasa anakaa benchi la upande ule mwingine. Tukikutana njiani ananisalimia kama karani. Joash alisimama kanisani akasema kuna wamama wawili wana kinyongo, na wasipopatana kabla ya Meza ya Bwana ya mwisho wa Juni, wote wawili watakaa nje. Mimi kukaa nje si kitu, nimezoea umande. Lakini Phanice hajafanya kosa lolote, Ochoki. Alilia mbele ya watu. Alinishika mkono wakati nazika babu yako, na sasa anawekwa nje kwa sababu yangu na siwezi kumwambia kitu.

Usiniulize kwa nini.

Nyangate


Kisii
3 Juni 2024

Magokoro,

Barua yako ya Mei nimeipata leo. Leo. Ilikuwa chini ya kiti cha Omwenga wakati huu wote, imekaliwa na ndizi mpaka imekuwa ya kahawia. Nimemwambia maneno ambayo siwezi kuandikia mjukuu wa mtu, sembuse nyanya yake. Sharon ni mzima, mtoto ni mzima. Salamu zimeisha, nisikilize.

Nilikuwa nasoma kwa sauti, Farah ananyoa soksi nyuzi. Nilipofika pale pa "kama mtu amechora na kalamu" akaniambia nirudie. Nikarudia. Akasema nimuonyeshe mikono yangu. Nikamuonyesha vidole, nikaanza ule utani wangu wa utajiri. Hakucheka. Akaniuliza, "Hivyo viatu ulivyotuma kwenu, ulivipaka nini?"

Nikamwambia gundi.

Akaweka soksi chini, akasema, "Mimi nilikuwa fundi viatu, Ochoki. Mikono ilioza nusu, hospitali wakaniambia ngozi yangu imekataa gundi. Ndiyo nikaingia soksi. Ulidhani mimi napenda soksi?"

Magokoro, nilikaa chini. Si kwa kiti, chini kabisa. Nilikuwa naona mikanda miwili inapishana, na nilivyoibandika bitana ndani kote, nikipaka gundi mara ya pili ishike vizuri kwa sababu ni yako.

Huyo mama jirani ni wewe. Nimejua tangu ile barua ya kwanza lakini nilifikiri ni fangasi ya gumboots, nikakuachia heshima yako. Sasa sikuachii. Ukimaliza kusoma mstari huu, vua. Usivae tena hata kwenda chooni. Na uende Nyamira, kuna kliniki ya ngozi, ubebe hivyo viatu kwa karatasi. Farah anasema wasipoona kiatu watakupa tyubu nyingine.

Omwenga ameapa barua hii atakupa kwa mkono. Nimemwambia isipofika, sitapanda pickup yake tena hata akinibeba bure.

Ochoki


Magwagwa
14 Juni 2024

Kwa bwana yangu mdogo,

Omwenga alikuja na barua ameishika juu kama mshumaa. Salamu kwa Sharon na kwa mwenye meno.

Nilienda Nyamira. Daktari ni msichana, anaitwa Linda, mdogo mpaka nikamuuliza kama mama yake anajua yuko hapo. Aliangalia katikati ya vidole kwanza. Akasema fangasi hupenda pale palipo na unyevu, na mara nyingi huanza mguu mmoja, huu si huo. Akasema, "Nipe viatu, nyanya." Akachukua kimoja akakiweka juu ya mguu wangu, pole pole, kama kifuniko kwa sufuria. Kikalala juu ya ule wekundu sawasawa. Kila mkanda kwa alama yake. Akaita wenzake waje waone. Nimekuwa shule.

Anasema si kila mtu gundi humdhuru. Ngozi nyingine hunyamaza. Nyingine huvumilia mwanzoni, halafu siku moja inakasirika, na ikishakasirika haisahau, kila ikiguswa na kitu hicho italipuka. Si uchafu, si kuambukiza, si mtu amenitegea kitu njiani. Na ile dawa ya mashilingi haikuwa na kazi hapo. Amenipa krimu nyingine, amesema nioshe na maji tu, nivae soksi za pamba, nikae mbali na hivyo viatu, itachukua muda.

Sasa nikuambie, maana umenivua viatu hata heshima haijabaki.

Nilijua. Si habari ya gundi, hiyo sikujua. Lakini nilijua ni viatu, tangu mwezi wa pili. Mtu anajua kitu kinachomuuma. Nikivua usiku naona mikanda imebaki mguuni.

Joash alisema yale maneno mbele ya wageni, na Phanice alikuwepo, na nusu ya kanisa. Nikasema moyoni, vile vyangu vitadumu, hata mimi nisipodumu. Ningevua mbele ya Phanice kwa karai, angeona, angeuliza, na Phanice ni rafiki yangu lakini mdomo wake hauna mlango. Kabla ya mahubiri kuisha wangesema viatu vya Ochoki vimemla nyanya yake. Basi nikakunja miguu.

Nilifikiri nitakukinga wewe peke yako. Sikujua nitamchoma mwingine.

Usilie. Wewe ukilia unatoa makamasi mengi, nakukumbuka.

Nyangate


Kisii
20 Juni 2024

Magokoro,

Nimelia, na makamasi ni yale yale. Sharon aliposoma alitoka nje akakaa kwa ndoo. Mtoto akatuangalia akaona heri yeye acheke.

Hii imenipiga. Kwamba ulikuwa unaona alama kila usiku, na asubuhi unafunga mkanda, unapanda mlima kwenda baying ukisema ni vya Ochoki. Ungenikasirikia ningeelewa. Ungevitupa juu ya ghala kama Baba mdogo ningesema ni haki yangu. Hiyo ya kuvaa, sijui niiweke wapi.

Nimeng'oa bitana zote kwa kibanda. Sasa nashona na uzi. Wateja ninaowajua nimewaambia warudi niwashonee, mmoja akasema tangu lini mchuuzi akarudi kumtafuta mteja, lazima nimeokoka. Farah anacheka, kisha ananiuzia glovu.

Sasa sikiliza mume wako. Mwambie Phanice. Mwambie yote, na mdomo wake uwe wazi kama lango la soko. Wacha waseme viatu vyangu vilikula nyanya yangu. Ni kweli, vilikula. Mimi nimeshaitwa mambo mengi na bado nakula ugali. Phanice hawezi kukaa nje ya Meza ya Bwana kwa sababu ya jina langu. Jina lenyewe halina bei hiyo.

Na Jumamosi ya tarehe ishirini na tisa nakuja mwenyewe. Nilibatizwa mto wa Kericho, wewe ulikuwa ukingoni umeshika shati langu, kwa hivyo wasiniulize barua ya kuonyesha mimi ni wa kanisa. Wakisema, niwe pale, waseme wakiniangalia.

Ochoki


Kisii
Jumatatu, 1 Julai 2024

Magokoro, mke wangu mwenye soksi nyeupe,

Tulifika salama. Nisamehe nilipanda pickup bila kukuaga vizuri, nilikuwa nimejaa. Wewe ulifikiri ni ugali umenishibisha. Sikiliza kilichotokea upande wetu wa wanaume, maana mbele ya Baba mdogo singeweza kukuambia. Yeye ni baba yangu, kuna chinsoni, ile haya ya kwetu kati ya mtoto na mzazi, kuna mambo mtoto hasemi mzazi akiwa anasikia. Wewe ni nyanya, kwako nasema chochote.

Mliposhuka na karai zenu, sisi tulibaki nyuma ya kanisa. Kila mtu akashika mwenzake, mimi nikabaki nimesimama kama mti wa mpaka. Na Baba mdogo naye akabaki, kwa sababu yeye ndiye alikuwa anapanga watu. Shemasi akatuangalia sisi wawili, akanipa karai.

Mimi kumshika miguu Baba mdogo? Alisema yeye ataosha, mimi nikae. Shemasi akasema mdogo aanze. Baba mdogo akasema basi tupeane mkono, inatosha. Shemasi akasema, "Mzee, wewe ndiye ulitutangazia mwenye kukataa maji akae nje." Watu wakageuka.

Akakaa. Akavua kiatu pole pole, kile cheusi cha kanisa. Soksi ilikuwa imeshika ngozi, ikabidi ailoweshe.

Magokoro, nilidhani macho yangu yamebaki kwa miguu yako. Mkanda na mkanda, imepishana, mguu huu na mguu ule. Nyekundu, na magamba, na mahali pamechubuka. Ile yangu kabisa. Mtu aliyetupa viatu juu ya ghala anatoa wapi alama ya kuvivaa? Tena si kuvivaa siku moja. Ni kuvivaa sana. Ndiyo maana hakukunja suruali mtoni.

Sikuweza kujizuia. Nikamuuliza kwa sauti ya chini, "Baba mdogo, vilikutosha?"

Aliangalia juu kwa mabati. Kisha akasema, "Osha, kijana. Maji yanapoa."

Nikaosha. Sikusugua, nilimimina tu maji kwa kiganja kama unavyomwogesha mtoto mchanga. Nilipofuta, akaweka mkono kichwani kwangu, ukakaa hapo. Wengine wanadhani alikuwa ananiombea. Mimi nadhani alikuwa anajishikilia asianguke.

Yako na Phanice nilisikia kelele tu kutoka upande ule. Kuna mtu alikuwa anapiga mayowe. Niambie.

Ochoki


Magwagwa
9 Julai 2024

Kwa bwana yangu mdogo,

Hapa ni wazima, miguu inakauka vizuri, na dume limeanza kunipiga kichwa. Msalimie mke mwenzangu.

Aliyepiga mayowe ni Phanice. Nilivua soksi, nikamwambia yote kabla hajatia mkono majini. Alishtuka mpaka akakalia karai, maji yote yakaenda kwa nguo. Kisha akanitukana. Akasema, "Nyangate, ulikubali nionekane mwenye kinyongo, kuliko kiatu kionekane kibaya?" Nikasema ndiyo. Akaenda kuteka maji mengine, akarudi, akaniosha akiendelea kunitukana, na hakuacha mpaka tumemaliza wimbo. Amerudi benchi letu. Kanisa lote linajua habari ya gundi, kama nilivyokuambia. Wasichana wawili wamenionyesha miguu yao nyuma ya jiko, nimewaambia waende kwa Linda na viatu mkononi.

Ile ya Joash nimesoma. Nilienda kwa ghala. Juu hakuna viatu, ni mahindi tu. Viko chini ya kitanda chake, vimepakwa rangi, soli zimelika upande mmoja. Alikuwa anavivaa gizani akienda kukamua, na tena jioni akirudi. Na ile tyubu niliyosingizia panya iko hapo pia, imekunjwa mpaka mkia. Krimu ya Linda nayo ilikuwa imeanza kupungua. Nimeigawa kwa vikopo viwili, kimoja nikakiacha dirishani kwake, na asubuhi hakikuwepo. Kesho kutwa naye anasema ana shughuli Nyamira. Hajasema ni gani, ila ameniuliza kliniki ya ngozi hufunguliwa saa ngapi, eti ni kwa mambo ya kanisa.

Sasa nina jambo la kukutuma. Kuna mzee mmoja hapa jirani anataka viatu vya mikanda, vya kushonwa kwa uzi, bila gundi hata tone. Humjui.

Nyayo zake unazikumbuka.

Nyangate